Tundu la Gumba

Mpira wangu wa boling una kosa, na aliyelifanya alikuwa mume wangu, kabla hajawa mume wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani, nimepeleka mashati ya bluu niliyowashonea wafanyakazi wa ukumbi wa boling. Nikamwona mama mmoja mnene akirusha mpira, ukateleza juu ya mbao na kuziangusha pini zote kumi. Kile kishindo! Niliupenda mchezo palepale, sijaacha mpaka leo.

Mpira wa boling hutobolewa kwa mkono wa mwenyewe, kama gauni linavyokatwa kwa kifua cha mwenyewe: matundu mawili ya vidole vya kati, moja la gumba. Fundi wa kutoboa alikuwa kijana mwembamba waliyemwita Keekee kwa sababu ya keekee yake, mashine ya kutobolea. Alinipima mkono kwa muda mrefu mno. Nilidhani ni uhodari, kumbe alikuwa anaushika tu.

Tundu la gumba likatoka pana. Mrusho wa kwanza mpira ulinichomoka, nusura umponde Keekee mguu.

"Umekosea," nikamwambia.

"Sijakosea. Mkono huu utakuja kulijaza."

Nilinuna wiki nzima, nikidhani ananitabiria unene. Kisha nikakata kipande cha kitambaa cha yale mashati, nikakibandika kwa gundi ndani ya tundu. Kikakaa sawasawa.

Tukaoana. Kila Jumamosi asubuhi, miaka arobaini na mmoja, tulicheza. Kitambaa kilipochakaa niliweka kingine juu yake: bitana ya gauni langu la harusi, nepi ya binti yetu, kaki ya sare zake za shule, mwisho mahameli nyekundu ya mapazia. Na kila Jumamosi nilimshikia bango mbele ya wachezaji wenzetu: "Mganga hajigangi! Fundi mzima, mkewe anaziba matundu yake!" Watu wanacheka, yeye anapangusa mpira wake. "Subira, mke wangu," anasema. Kukubali kosa, hakukubali.

Alifariki mwaka juzi. Niliuweka mpira kabatini, nikaacha kwenda. Viungo vya vidole vikavimba kama tangawizi, hata uzi sikuweza tena kuutia kwenye sindano. Binti yangu, ambaye ni nesi, akasema mpira tuupeleke ukumbini, wautumie wengine. Nililia jikoni, nikapiga moyo konde.

"Jumamosi tunaupeleka," nikamwambia. "Lakini kwanza nijaribu. Vidole vikiingia, nacheza na mpira unarudi nyumbani. Vikigoma, tunauacha hukohuko, sitakusumbua tena."

"Na ukiumia, mama?"

"Kwani nilikusomesha unesi wa nini?"

Ukumbi ulinuka vilevile, mafuta ya mbao na viatu vya kuazima. Niliogopa, sitaficha. Vidole viwili vya kati viliingia kwa tabu, hadi kiungo cha kwanza, na hapo panatosha. Gumba likakwama mlangoni mwa tundu. Nikasukuma, likauma mpaka machozi yakanilengalenga.

"Basi, mama," binti yangu akasema, akanyoosha mikono kuupokea.

Nikakaribia kumpa. Lakini fundi cherehani haachi nguo iliyobana kabla hajaitazama ndani. Nikaona mahameli.

"Nipe mkasi wako wa kazini."

Nikabandua mahameli. Chini yake kaki, chini yake nepi, halafu bitana, kila tabaka jembamba na gumu kwa gundi. La mwisho lilikuwa kile kitambaa cha bluu, kimefifia. Nilikitoa polepole kuliko vyote, binti yangu akakipokea kiganjani.

Gumba langu likaingia mpaka mwisho. Halikubana, halikucheza. Lilikaa kama lililopimwa asubuhi hiyohiyo.

Sijui kama alikosea akatafuta maneno ya kujitetea, au aliuona mkono huu wa kizee siku ile anaushika. Ninachojua ni kwamba neno moja alilistahili akiwa hai, nami nilimnyima kwa mzaha miaka arobaini na mmoja. Inaniuma.

Nikarusha. Pini saba zikaanguka, tatu zikabaki.

"Hukukosea," nikasema.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na baba yako. Kaa hapo, bado nina mrusho mmoja."