Geti la Wajawazito

Kwa miaka mitatu yule mchuuzi wa vitenge alivuka mpaka kila Jumanne akiwa na mimba ya miezi minane. Mimba yenyewe ilikuwa vitenge kumi na viwili, vimezungushwa kiunoni na kukazwa kwa kamba, gauni pana juu yake. Wabeba mizigo walimbandika jina la Mama Mimba, naye, mwanamke wa miaka hamsini kasoro miwili, akalipokea bila haya. Geti la wajawazito halikuwa na foleni wala ukaguzi. Ushuru aliwaachia wenye viuno vyembamba.

Jumanne hii alikuja na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, mwenye mimba ya kweli. "Tumbo lipo tayari," alimwambia nyumbani huku akimfunga vitenge vitano. "Tukiongeza kidogo, nani atajua?" Mkwe alilalamika kwamba vinambana. Akaambiwa avumilie, ni mwendo wa nusu saa tu.

Hatua kumi kabla ya geti, mkwe alisimama ghafla. Maji yakamchuruzika miguuni mpaka kwenye ndala.

"Mama, mtoto anakuja."

Askari wa geti aliangua kicheko. "Leo mmekuja na maji kabisa? Mama Mimba, wewe kiboko! Chupa mmeficha wapi?"

Loh! Kumbe siku zote walijua, wakafumba macho, na sasa hakuna wa kuliamini tumbo lolote linalofuatana na Mama Mimba. Mkwe alipiga magoti kwenye changarawe, akapiga ukelele, na watu wa foleni ya kawaida wakampigia makofi. Makofi, jamani!

Hapo Mama Mimba akapandisha gauni mbele ya kadamnasi, akafungua kamba, vitenge vikamwagika chini kimoja baada ya kingine.

"Yangu ndiyo ya uongo!" alipayuka. "Chukueni, nifungeni! Ya huyu ni ya kweli. Mwiteni nesi!"

Kicheko kikakatika. Askari akatimua mbio kumwita nesi.

Nesi wa kituo alimlaza mkwe kwenye meza ya ukaguzi, akafunua gauni, akaduwaa. Mafundo ya kamba yalikuwa yamekaza, hayafunguki. Akayakata kwa mkasi. Mama mkwe aliiona kwa macho yake mistari myekundu iliyobaki tumboni. Mtoto alitoka amepauka, kimya. Nesi akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua tena. Bibi yake naye hakupumua, mpaka kilio chembamba kilipotoka.

Baadaye askari alileta vitenge vyote kumi na saba, amevikunja vizuri.

"Mbona mnajitesa? Tangu mwaka jana wachuuzi wadogo hawalipi ushuru wa nguo. Fomu ya ukurasa mmoja, unapita. Tangazo liko dirishani. Sisi tulidhani unakwepa foleni tu."

Dirishani. Dirisha lilikuwa upande wa foleni ya kawaida, ambako Mama Mimba hakuwa amekanyaga kwa miaka mitatu.

"Mama," mkwe aliita kwa sauti iliyokwisha, mtoto kifuani. "Wamevichukua?"

"Hawajavichukua, mwanangu." Alitaka kuishia hapo, lakini hakuweza kudanganya tena siku ile. "Havilipiwi ushuru tena. Tungevibeba mkononi tu."

Mkwe akamkumbatia mtoto na kugeukia ukutani.