Ufunguo wa Choo

Dada yangu anasomea mamlaka. Chuo kikuu kizima, majengo yote yale, yeye kaenda kusomea kwa nini mtu mmoja anasema na wengine wanatii. Mi niliacha shule kidato cha pili, nikamwambia hiyo hata mi naijua: wanatii kwa sababu wanataka kula. Akacheka. Akasema jibu zuri ila halitoshi, maana wako walioshiba na bado wanatii.

Mama na mimi tunafanya kazi kiwanda cha sare. Mama anashona kola, mi napiga pasi mwisho wa safu hiyohiyo. Mama ana kisukari. Aliyeishi na mgonjwa wa kisukari anajua, mkojo ukija umekuja. Na choo cha pale kina kufuli, ufunguo uko mfukoni kwa msimamizi wetu tunayemwita Polepole. Ukibanwa unanyanyuka, unamfuata, unaomba mbele ya watu.

Jumapili moja dada yuko nyumbani, vitabu vyake vimejaa mezani mpaka sahani hazina pa kukaa, akaniuliza huyo Polepole ni mtu wa namna gani.

"Mkali?"

"Wala. Sijawahi kumsikia akipaza sauti."

"Anawakatalia?"

"Hakatai. Anasema subiri kidogo, halafu anaendelea kukagua mashati yake."

Dada akaacha kutafuna. "Hebu rudia."

Nikarudia. Macho yakamng'aa. "Mdogo wangu, hiyo ndiyo sura ya tatu ya tasnifu yangu! Mamlaka hayako kwenye ufunguo. Yako kwenye kule kuomba kwenu. Kila mkinyanyuka mnampa upya. Siku mkiacha kuomba, atabaki na kipande cha chuma mfukoni."

Mama alikuwa anaosha vyombo. Akasema bila kugeuka, "Na mkojo wangu nao umesoma hiyo sura ya tatu?"

Tukacheka mpaka dada akapaliwa. Lakini mi lile neno la dada liliniingia. Wiki ile mama alikuwa ameambiwa asubiri, na hakuweza. Alijifunga sweta kiunoni akashona hadi jioni, na tulipokuwa tunarudi alitembea nyuma yangu njia nzima ili nisimwone. Nilitaka kitu kimoja tu: mama asiombe tena.

Wakati wa chai nikaongea na watu. Kesho akibanwa mmoja, tunanyanyuka safu nzima, tunasimama mlangoni, hakuna anayefungua mdomo. Atafungua tu, atatufanya nini? Fundi wa vifungo, mtu wa maneno mengi, akapiga meza. "Mi wa kwanza! Huyu mtu nimemchoka!" Wote wakaitikia. Mama akaendelea kunywa chai yake.

Kesho yake nikaona mguu wa mama unacheza chini ya cherehani. Naujua huo mguu. Nikaweka pasi pembeni nikasimama.

"Jamani. Twende."

Vyerehani vikanyamaza. Halafu kimoja kikaanza tena, kikafuata kingine, safu nzima ikanguruma kama kawaida. Fundi wa vifungo akainama chini kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka. Nikatembea peke yangu hadi mlango wa choo, nikasimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Polepole akaja. Nikajua nimekwisha.

"Umechoka kuomba?"

"Ndiyo."

"Mama yako anaumwa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi una haki." Akatoa ufunguo akaniwekea kiganjani. "Kaa nao wewe. Kusema kweli ulikuwa unanisumbua. Ila safu ikichelewa nitakuuliza wewe. Na mama yako yuko humo kwenye safu."

Nikafungua. Nikamwita mama, akaenda wa kwanza. Watu wakapiga makofi, walewale waliokaa. Fundi wa vifungo akapaza sauti, "Rais wetu!" Nikampigia dada, akapiga kelele kwenye simu hadi sikio likaniuma.

Siku ile mlango nikauacha wazi. Watu wakaingia wakakaa. Mwingine anapiga simu humo, mwingine anapiga usingizi, cheko huko ndani kama sebuleni. Safu ikachelewa. Polepole akapita kwenye meza yangu, akasema kwa upole, "Tumechelewa leo, mkubwa." Mkubwa! Mi.

Basi nikafunga, ili waende mmoja mmoja tu. Halafu nikaanza kuuliza, wewe si umetoka humo sasa hivi? Fundi wa vifungo akaja kwa utani, kapiga saluti: "Mheshimiwa, naomba kwenda." Tukacheka. Wengine wakaiga. Baadaye utani ukaisha, neno likabaki. Mheshimiwa, naomba. Na nisikudanganye, ni tamu. Ufunguo unakugonga paja ukitembea. Watu wanacheka vichekesho vyako hata vile vilivyochacha. Wakati wa chai kiti cha dirishani kinakungoja, hakuna anayekikalia.

Ikaja kazi kubwa. Gari la mzigo liko nje linasubiri, dereva kila saa anapiga honi, Polepole kasimama nyuma yangu. Mshona mifuko kaingia chooni hatoki. Mama akaja.

Hakuniita mwanangu. Alisimama mbele ya meza ya pasi, mikono kaikusanya tumboni, vilevile alivyokuwa anasimama kwa Polepole.

"Naomba ufunguo."

Mi nilikuwa naangalia mashati yaliyokwama kwa ajili ya kola. Kola zake. Nikasema, "Subiri kidogo, mwenzako atoke."

Akasubiri. Mama huyu aliyekuwa ananichapa kwa mwiko nikimjibu vibaya. Nilitegemea anitukane, anikumbushe alinizaa wapi na kwa uchungu gani. Akasema, "Sawa."

Nilipozinduka mshona mifuko alishatoka; nikamkimbilia mama na ufunguo mkononi, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani chake. Sweta kiunoni.

Nikaenda nikautupa ufunguo mbele ya Polepole. "Chukua takataka yako." Hata hakuugusa. Akaangalia safu, akauliza, "Nani atakaa nao?" Kabla hajamaliza, fundi wa vifungo kasimama, huyo anakuja, anajifuta mikono kwenye suruali.

Nikavua aproni nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Mama alibaki, lazima mmoja wetu abaki.

Dada alipokuja nikamweleza yote. Alilia kweli, sitamsingizia. Alinishika bega akasema pole mdogo wangu. Halafu akajifuta macho.

"Alipokuja kusimama mbele yako, kabla hujamjibu, ulijisikiaje? Jaribu kukumbuka vizuri."

Nikaona mkono unatafuta kalamu.

"Unataka kuandika?"

"Kama hutaki siandiki."

"Andika. Ila andika ni mama."

"Haiandikwi hivyo," akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Inaandikwa mfanyakazi wa kike."

"Mfanyakazi wa kike yupi? Aliyekulipia shule?"

Aliandika, nilimwona, akafuta, akaandika tena.

Mama akatuita kula. Tukakaa watatu. Chumvi ilikuwa upande wangu. Siku zote mama angeropoka, lete hiyo chumvi wewe, umeikumbatia kama umeichimba mwenyewe.

"Naomba chumvi," akasema.

Nikamsogezea.

"Asante," akasema mama yangu.