Mpira wa Watu Wawili

Pale kilimani walimwita Mama Upepo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaza upepo ile mipira mikubwa ambayo watu wazima, wenye akili zao timamu, huingia ndani yake na kuviringishwa hadi bondeni. Aliubonyeza mpira kwa kiganja akajua kama umeshiba. Alifuta matope ndani, akakagua mikanda, akafunga mlango, akausukuma kwa bega. Tangu mumewe azikwe alifanya hayo yote bila kukosea hata kidogo, na hilo ndilo lililowaudhi watu.

Maana hakuwa amelia. Msibani alikaa macho makavu kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Ndugu wa mume walimtazama, wakatazamana, na waliojaliwa busara wakayameza maneno yao. Wala hakuwa anajikaza. Mtu akijikaza huchoka, naye hakuchoka. Alikuwa ameganda tu. Binti yake alirudi kutoka shuleni na jino lililong'oka mkononi, mama akamwambia vizuri sana, akaendelea kukunja nguo.

Ndiyo maana wifi yake alikuja Jumamosi hiyo, akapanda kilima kwa viatu visivyofaa hata ngazi, begi la mtoto likiwa limeshafungwa nyumbani. Walikuwa wamezungumza kwa simu. Wifi alisema, bila ubaya, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwamba nyumba ile imepoa, na mtoto aliyefiwa na baba anahitaji watu wa kulia nao. Kwake walilia kila jioni, kuanzia bibi hadi ami. Wakakubaliana mtoto achague mwenyewe pa kuishi. Mtoto naye akasema atachagua baada ya kuviringika na mama yake, mara moja tu.

Mama Upepo alikubali, kama alivyokubali kila kitu siku hizo. Alijua binti yake ataondoka, kwani nani angebaki na mtu kama yeye? Kilichomtisha kidogo ni kwamba kulijua hilo hakukumuuma.

Miaka yote ya kazi hakuwahi kuviringishwa ndani ya mpira. Alimfunga mtoto mikanda upande mmoja, akajifunga mwenyewe upande wa pili, wakabaki wanatazamana. Kilima kile kilikuwa na sheria moja: ukiwa ndani, piga kelele. Mpokeaji wa bondeni, waliyemwita Golikipa kwa jinsi alivyoidaka mipira, hakuweza kuona mtu kupitia plastiki iliyojaa matope, kwa hiyo alisikiliza. Kelele maana yake mzima. Kimya maana yake umezimia, na hapo Golikipa hutoka mbio na chupa ya maji.

Mwenzake wa kazi akafunga mlango, akawasukuma. Mbingu ikashuka, majani yakapanda, kisha vikabadilishana tena. Mtoto alipiga kelele tangu mwanzo, kelele za kweli, mdomo wazi na meno yote nje isipokuwa lile moja. Mama alipinduka pamoja naye, akangoja. Alingoja hofu, au kicheko, hata kichefuchefu angekipokea kwa mikono miwili. Hakikuja kitu. Angalau huyu anafurahi, aliwaza, na akaona wifi yake ana haki.

Golikipa aliwadaka, akafungua mlango na kuingiza kichwa, uso ameukunja. Alilalamika kwamba amesikia sauti moja tu, nusura aje na chupa, na Mama Upepo, kuliko mtu yeyote, anapaswa kuijua sheria.

“Nilipiga za sote wawili,” mtoto alimjibu.

Golikipa akacheka, akaenda kutafuta kamba ya kuurudishia mpira juu. Wao wakabaki ndani, hawajajifungua.

“Mama, uliogopa?”

“Hapana.”

“Ulifurahi?”

Angeweza kudanganya. Watu wazima wana maneno matamu tele kwa saa kama hiyo. Aliyatafuta, akayakosa. “Hapana, mwanangu. Sikuhisi kitu.”

Mtoto alichezea kifungo cha mkanda wake. “Hata mimi,” alisema. “Tangu baba. Nilidhani huku nitaanza kuhisi.”

Mama Upepo alimtazama. Zile kelele zote, na za nyumbani pia, nyimbo na vishindo asubuhi hadi jioni, alikuwa amezihesabu kuwa ni furaha.

“Kwa shangazi wote wanalia,” mtoto aliendelea. “Mimi silii. Watanitazama.”

“Watakutazama,” mama alikubali. Alikujua kutazamwa huko.

“Wewe hunitazami.”

Alilisema kama jambo zuri, na ndipo lilipomuuma mama yake. Liliuma kidogo tu, kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka, lakini liliuma.

Wifi alifika bondeni akitweta, viatu mkononi, akainama mlangoni na kumuuliza mpwa wake amechagua wapi.  Mtoto alimwangalia mama yake, akangoja.

“Wifi, utusamehe,” Mama Upepo alisema. “Huyu hana machozi, ni wa kwangu. Tukiyapata, tutakuja kwenu sote wawili.”

 Wifi akaketi kwenye majani na nguo yake nzuri, akamlilia kaka yake hadi mabega yakatikisika. Mama na binti wakajifungua mikanda, wakatoka, wakakaa pande zake mbili, macho makavu, wakamshika.