Lenzi ya Vidole Vitatu

Mama Bertha wa Kalenga alikataa simu. Si kwamba hana, anayo. Alichokataa ni kupigwa nayo video akianza kusuka kikapu.

"Simu inapeleka mambo ya watu kwenye magrupu," alisema. "Kesho nakuta mtu Iringa mjini anauza kitako changu."

Kitako cha kikapu, jamani. Wajukuu waliocheka walitumwa kuchota maji.

Namna ile ya kuanza kitako alifundishwa na mama yake, na ukoo mzima sasa anaijua yeye peke yake. Vidole vimeanza kukakamaa. Binti yake Esta amejaribu kujifunza kwa kuangalia, lakini mama anakwenda mbio mno. Mwishowe mama alikubali kitu kimoja tu: kamera ya zamani ya marehemu mume wake, ile ya mkanda, yenye mashine yake ya kurekodia pembeni. Mkanda unakaa kabatini, na ufunguo anao yeye.

Basi kazi ikamwangukia mume wa Esta, Asukile, fundi redio wa Mbeya. Lenzi ya kamera ilikuwa imeota ukungu kama mkate wa wiki jana. Akaifungua, akapima mdomo wa kamera, akaenda nayo kwa Jailos anayeuza kamera za ulinzi.

"Hii itaingia?"

Jailos akazungusha lenzi mpya. Ikashika thredi za mdomo vizuri, ikakazika. "Imeingia, mzee. Unataka na vigelegele?"

Asukile akaijaribu kwenye benchi lake, juu ya saketi ya redio iliyokuwa chini ya pua yake. Kila tone la risasi ya kulehemu lilionekana. Akaridhika, wakapanda basi la Iringa.

Sasa, Mama Bertha ni wa mila za zamani. Mkwe hampi mkono mama mkwe, hakai naye mkeka mmoja, na chakula anapokea kwa mtu mwingine. Asukile akasimama mlangoni na kamera yake, heshima kamili, akawasha televisheni ndogo iliyounganishwa kwa waya.

"Mbona naona uji?" Esta akauliza.

Asukile akazungusha lenzi huku na huku. Uji. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo pembeni ya lenzi: CS, aina ya kamera za ulinzi. Kamera yao ni ya lenzi za aina ya C.

"Thredi ni zilezile," alisema taratibu, "ila hii ilitakiwa ikae ndani zaidi, milimita tano. Kwetu imekaa mbele. Inaona vya karibu tu. Na mimi niliijaribu kwa kitu cha karibu."

"Si kuna adapta?"

"Adapta ni pete, inasogeza lenzi mbele. Yetu inatakiwa kurudi nyuma. Pete ya kurudisha nyuma hakuna."

"Karibu kiasi gani?"

"Vidole viwili, vitatu."

Mama Bertha akaongea akiutazama ukuta. "Mkwe, hivyo vidole vitatu vinahesabiwa kuanzia wapi?"

"Kwenye mikono yako, mama."

"Basi hapana."

"Hata mimi nasema hapana, mama."

"Turudi Mbeya tukatafute nyingine," Esta akasema.

"Milulu ya kusukia imeshalowekwa," mama akajibu. "Na vidole leo vimeamka vizuri. Vya mwezi ujao sivijui."

Waya wa kamera ulikuwa mrefu. Asukile akatoa televisheni na mashine ya kurekodia, akaziweka barazani, yeye akakaa nje. Esta akashika kamera ndani. Kijidirisha cha kuchungulia kilishakufa, kwa hiyo aliongozwa kwa sauti.

"Sogea."

"Nimesogea."

"Bado uji. Sogea kama unataka kumng'ata."

"We Asukile!" Esta akafoka.

"Samahani, mama."

Picha ikatulia. Dole gumba likajaa kioo kizima, kucha imepasuka. Miaka yote ya ndoa Asukile aliiona mikono ile kwa mbali tu, ng'ambo ya ua. Sasa aliona mlulu mmoja ukirudishwa nyuma na dole gumba, unajificha chini, halafu ndiyo mwingine unavuka.

"Mkwe," mama akauliza kutoka ndani, "umeona?"

Angeweza kusema picha ni mbaya, siri ibaki kwa mama.

"Nimeona, mama. Mmoja unarudi nyuma kwanza."

"Unarudi nyuma?" Esta akashangaa. "Mbona mimi sijawahi kuona?"

Mama Bertha akafumua kitako chote. Akamkabidhi binti yake milulu, akachukua kamera mwenyewe, akaisogeza kwenye mikono ya Esta.

"Mkwe, sema akikosea."

Asukile akavuta kigoda karibu na televisheni.

"Hapo," akasema. "Kakosea."

Milulu ikafumuliwa, ikaanzwa upya.