Mguu wa Shemeji

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu watoto wake watawanyike, anaishi na sungura mweupe. Mimi, ambaye kukaa mahali pamoja kunaniwasha nyayo, hupita kwake kila nikichoka na barabara. Huyo sungura nilimpachika jina la Shemeji. "Maana ndiye mwanamume wa nyumba hii," nilimwambia dada, naye akanirushia tepu ya kupimia.

Safari hii nilipofika hapakuwa na utani. Nilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya kukatia nguo.

"Kaka, hajala tangu jana. Na mguu unanuka."

Nikainama. Mguu wa nyuma ulikuwa umevimba kama kiazi. Juu ya kisigino manyoya yalikuwa yamelowa na kugandamana, na nzi walikuwa wakizunguka. Nzi ndio walionitia baridi. Nimechunga mbuzi wa watu. Najua nzi wakishanusa kidonda, funza hawako mbali.

"Umempaka nini?"

"Ile dawa yangu ya ngozi. Nampaka, analamba, nampaka tena."

"Lete ndoo, tumwogeshe kwanza."

"Huyu si punda, kaka! Shika kikapu."

Tulikwenda mbiombio, dada akifunua kikapu kila baada ya nyumba mbili tatu kuona kama bado anapumua. Daktari wa mifugo ana chumba nyuma ya duka la dawa, na nje kuna benchi. Bwana mmoja aliyempakata kuku akachungulia kikapuni.

"Mama, huyo si wa sindano. Huyo ni wa sufuria."

"Na wewe kuku wako amekuleta utibiwe nini?" dada akamjibu. Benchi zima likacheka. Yeye akafunua kikapu tena.

Daktari, mwanamke wa maneno machache, alimlaza Shemeji kwenye taulo, akamfunika macho, akaanza na nyayo. "Vidonda vingi vya sungura huanzia hapa, akikaa kwenye waya au penye mkojo. Nyayo zake nzima." Akapekua masikio na shingo. "Ukurutu ungeacha magamba. Hana. Mama, analala juu ya nini?"

Dada akajinyoosha. "Vitambaa, daktari. Mabaki ya kushonea. Kila asubuhi namtandikia vipya. Huyu halali sakafuni kama mnyama."

Daktari aliuinamia tena ule mguu. Akachukua mkasi, akapunguza manyoya taratibu, na kidonda kikaonekana chote. Kilikuwa pete, kimeuzunguka mguu mzima.

"Jipu halichori duara," alisema. Akaingiza kibano kwenye nyama, akainua kitu chembamba. Uzi. Wa bluu.

Dada akajiziba mdomo. Mwezi mzima alikuwa akishona sare za shule, za bluu.

"Ulijiviringisha mguuni, na kila akiruka unakaza," daktari alisema huku akikata.

"Mimi ndiye niliyemfunga," dada akanong'ona. "Na kila asubuhi nikamwongezea."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Lakini lilikuwa kosa lake, na mimi kudanganya mbele ya daktari sijui.

Daktari alisafisha, akachoma sindano. "Dawa ya watu, ya kupaka wala kidonge, msimpe. Anachopakwa mguuni kinaishia tumboni, na vipo vidonge vinavyoua sungura. Chini wekeni nyasi kavu tu. Asubuhi na jioni osheni kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, mkaushe."

"Na mguu wenyewe?"

Akaminya kidole cha Shemeji. Shemeji hakushtuka. "Damu ilikuwa haipiti. Sijui kama utarudi. Ukizidi ubaridi au ukawa mweusi, mleteni, nitaukata. Na akigoma kula, msingoje mguu, mleteni hapohapo."

Nyumbani dada alitambaa chini ya meza akiokota nyuzi moja moja. Wateja walibisha, akawaambia warudi siku nyingine. Mimi nilikaa na majani ya karoti mbele ya pua ya Shemeji mpaka mkono ukafa ganzi.

"Anatafuna au anatetemeka?" dada akauliza.

"Anatafuna."

"Kweli?"

"Njoo uone mwenyewe, basi."

Alikuja, akaona, kisha akauweka ule mguu shavuni mwake. "Wa baridi, kaka."

"Shavu lako ndilo lina moto."

"Usinibembeleze. Niambie."

"Sijui, mdogo wangu."

Asubuhi tuliosha, mguu ukalala kiganjani mwa dada kama si wa mtu. Alitafuta weusi kwenye kila kucha, akampeleka Shemeji dirishani penye mwanga, akamrudisha, akanipa mimi niangalie kwa macho yangu mabovu. Siku nzima cherehani ilinyamaza.

Jioni nilimpakata Shemeji tena, dada akachovya kitambaa bakulini. Maji ya chumvi yalipogusa ile pete, bakuli likaruka, maji yote yakanimwagikia usoni, na kucha zikanichana mkono.

"Amepiga kwa mguu upi?" Dada alikuwa amesimama. "Kaka! Kwa upi?"

"Huu huu wa kidonda."

Akaushika. Mguu ukachomoka mkononi mwake, kwa nguvu na hasira. Akaushika tena, ukachomoka tena. Ndipo akakaa sakafuni kwenye maji, akalia kwa sauti, sare ya mtu imelowa kando yake na hana habari. Mimi ningemfariji, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi: Shemeji alikuwa bado anataka kupiga.