Njia ya Nane

Saa nne na dakika kumi asubuhi, ubao wa matokeo ulionyesha wa nane wawili. Katika mchujo wa kuogelea mita mia moja kichalichali, Kijiko na msichana mrefu mwenye kofia nyekundu walikuwa wamegusa ukuta kwa muda uleule, hadi sehemu ya mia ya sekunde. Fainali ya jioni ilikuwa na njia nane tu. Mwamuzi mkuu akaamua wawili hao washindane peke yao baada ya saa moja.

Kijiko, aliyeitwa hivyo kwa viganja vyake vipana, alimkuta kocha wake, kaka wa mama yake, ameshakunja mataulo.

"Jitoe," alisema. "Kesho una mita mia mbili. Huko kuna medali. Hapa unapigania nini?"

"Fainali, Mjomba."

"Fainali ya kushika mkia! Wale saba wamekuacha mbali."

"Hata kushika mkia, lazima kwanza uwe kwenye foleni."

Hoja ya Mjomba ilikuwa sahihi: misuli isiyopumzika leo hulegea kesho. Aliirudia. Kijiko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua miwani yake ya majini.

"Kichwa kigumu kama mama yako," Mjomba alisema, akaanza kumkanda mabega.

Kwenye chumba cha kusubiria, viti vyote vilikuwa vitupu isipokuwa viwili. Mwenye kofia nyekundu alicheka.

"Niachie basi, dada. Ya nini kujichosha?"

"Mbona wewe hujajitoa?"

"Wazimu wangu."

"Basi tuko wodi moja."

Wasafishaji jukwaani waliegemeza mifagio wakatazama. Waogeleaji waligeuka pamoja kwenye ukuta wa mbali. Karibu na mwisho, kofia nyekundu ilikuwa mbele kwa urefu wa kichwa. Kijiko hakuharakisha mikono; alirefusha kila mvuto wa maji, mpaka mkono wake ukafika wa kwanza. Hakuwahi kuogelea umbali huo kwa kasi ile. Mpinzani wake alimrushia maji usoni, kisha akamkumbatia juu ya kamba iliyotenganisha njia zao.

Jioni Kijiko alitambulishwa kwenye njia ya nane, akamaliza wa nane.

Kesho yake, katika mita mia mbili, alikuwa wa tatu hadi mita tano za mwisho. Alimaliza wa nne. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba zile mbio za wawili ndizo zilizomnyima medali. Mwandishi wa habari alimuuliza Mjomba.

"Huenda," alijibu. "Muulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ameshaingia kwenye bwawa dogo la kupoza misuli, akiogelea taratibu, chali.