Kufuli la Mwoga

Gari lilipopunguza mwendo nje ya dirisha, dobi aliisahau pasi juu ya shati la mteja. Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ndiyo iliyomgutusha. Aliinyanyua pasi, akakagua kola, akamshukuru Mungu kwamba alama ilikuwa ndogo na tai ingeifunika. Gari lenyewe lilikuwa la muuza gesi tu. Hata hivyo moyo ulichukua muda kutulia, kwa maana afisa utumishi wa kiwanda cha sabuni alisema angerudi leo alasiri, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi zake zote isipokuwa zile nzuri.

Mumewe alikuwa msafishaji wa pipa kubwa la kuchanganyia sabuni. Kazi ni kuingia ndani na kukwangua mabaki kwenye mapanga ya chuma, yale yanayozunguka mashine ikiwashwa. Kila msafishaji alikuwa na kufuli lake. Kabla ya kuingia analifunga kwenye swichi kubwa ya ukutani na ufunguo anauvaa shingoni, ili asiwepo wa kuwasha mashine mpaka atoke mwenyewe. Wengine, kazi ikibana, waliiruka hatua hiyo. Yeye hakuiruka hata siku moja, na wenzake wakambatiza jina Mwoga.

"Mwoga, hata chooni unafunga kwa kufuli?" walimtania.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliwajibu. Wakacheka, naye akacheka, akaingia ndani ya pipa.

Kilio kikaenda kwa mwoga. Mashine iliwashwa akiwa ndani. Siku ya mazishi afisa alileta jeneza, pole, na maelezo kwamba marehemu hakuifunga swichi. Jana alileta karatasi. Mjane akitia sahihi, kiwanda kitatoa mkono wa pole, na familia haitadai chochote tena, mahali popote. Asipotia, basi ajue chumba hiki ni cha kiwanda, na mdogo wa marehemu bado ni kibarua wetu, si ndiyo, mama? Alisema hayo huku akitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomnyima dobi usingizi.

Alimwaga makaa, akafunga mlango, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja juu ya duka la rangi. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Wakili alikuwa binti mwenye mafua, anayezungumza huku akipenga.

"Usitie sahihi kitu," alisema kabla dobi hajamaliza kueleza. "Ukishatia, tumefunga duka. Sikiliza, mama. Njia zipo. Kuna fidia ya mtu aliyefia kazini. Hiyo hatuhitaji kuonyesha nani kakosea, ila ni ndogo na wataivuta mpaka uchoke. Halafu kuna kuwashtaki kwa uzembe. Mahakama ikuthibitishe kwanza kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo tufungue kesi. Hiyo ndiyo wanayoiogopa."

"Wao wanaogopa?" Dobi alidhani uoga ulikuwa wake peke yake.

"Sasa kwa nini wanakufuata nyumbani na karatasi? Wamekupenda?" Wakili alipenga. "Tena polisi wameandika ajali, wakafunga faili. Tunaweza kuomba kifo chenyewe kichunguzwe mahakamani. Nguo alizofia ziko wapi?"

Dobi alitazama chini. "Nilizifua."

Alieleza kwamba mochwari walimkabidhi zikiwa kwenye mfuko. Alizilowanisha, akazifua mara mbili, akaushona mpasuko wa ovaroli kuanzia begani hadi kiunoni, akaipiga pasi, akaikunja. Dobi gani angeacha nguo za mumewe na damu kwenye mfuko? Wakili alifumba macho kidogo. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma dobi kuliko kugombezwa.

"Mpasuko ule ungetuonyesha panga lilimshika wapi," wakili alisema taratibu. "Hakuna kingine walichokupa?"

Dobi alivuta uzi shingoni mwake, ufunguo ukachomoza. "Walimkuta nao."

Wakili aliacha kupenga. "Shingoni? Basi alifunga. Kufuli liko wapi?"

"Wanasema halikuwepo."

"Ufunguo peke yake watasema alikuwa anauvaa kila siku kama hirizi. Nitafutie kufuli, mama. Au mtu aliyeliona. Nipo hapa mpaka jioni."

Aliporudi alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameketi kwenye kigoda kando ya rundo la nguo chafu. Bado alikuwa na sare za kiwanda, kofia ameishika mkononi.

"Kimenuka, shemeji," alisema. "Bosi amenituma nije nikulainishe kabla hajafika."

"Kufuli la kaka yako liko wapi?"

Aliuliza tu kwa kuwa ndilo swali alilotoka nalo kwa wakili. Hakutarajia jibu. Lakini shemeji alianza kuugeuzageuza mkebe wake wa chakula. Mwishowe aliufungua, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Lilikuwa kufuli, chuma chake cha juu kimekatwa.

Dobi alitia ufunguo. Ukageuka bila kukwama, kwa sababu marehemu alikuwa akilitia mafuta kila mwisho wa juma.

"Nani alilikata?"

"Mimi." Alijifuta uso kwa kofia. "Nyapara alisema zamu imechelewa, Mwoga kaenda kula, kalisahau kufuli lake. Nikamwambia kaka hasahau. Akaniambia kata au rudi nyumbani jumla. Nikakata, nikalitia mfukoni. Sikuchungulia ndani, shemeji. Ningechungulia tu!"

Dobi aliiona pasi mezani, ya chuma na nzito, akauogopa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza mbali. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, maana huyu alikuwa na masikio ya mumewe na sauti ya mumewe.

"Nikisema watanifunga mimi," shemeji alinong'ona. "Nyapara hatafungwa. Nisitiri, shemeji."

Nje gari lilisimama, na safari hii halikuwa la gesi. Dobi alilisukuma kufuli chini ya blanketi la kupigia pasi. Afisa aliingia bila hodi, akatandaza karatasi juu ya blanketi lile lile, kando kidogo ya uvimbe.

"Tumalize kifamilia, mama. Hapa."

"Mikono inatetemeka, bosi. Leo siwezi kuandika."

"Dole gumba halitetemeki." Alikuja na kidau cha wino mfukoni. Alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akakivuta kuelekea mezani. "Acha uoga."

Dobi alikunja ngumi. "Mume wangu mlimwita Mwoga," alisema. "Na Mwoga aliifunga swichi."

Afisa alimwachia, akamgeukia shemeji kwa uchovu wa mtu aliyechelewa chakula. "Wewe ulikuwepo, na ulishaandika maelezo yako. Mwambie shemeji yako. Kulikuwa na kufuli?"

Shemeji alitazama kofia yake. Dobi hakumsaidia wala hakumkonyeza.

"Lilikuwepo."

"Unasema?"

"Lilikuwepo, bosi. Nililikata mwenyewe. Niliambiwa nikate."

Afisa hakufoka. Alikifunga kidau cha wino, akaikunja karatasi. "Unajua umejifanyia nini?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Na liko wapi sasa?"

Macho ya afisa yalipita kwenye marundo ya nguo, kwenye beseni, chini ya kitanda. Akatoka, simu sikioni.

Walisubiri kusikia gari likiondoka. Halikuondoka. Walichosikia ni sauti yake kupitia dirishani: "Ndiyo, hapa hapa kwake. Njooni."

Dobi alitia komeo mlango wa mbele. Alichukua ile ovaroli safi, akaviringisha kufuli ndani yake pamoja na ufunguo, akaiweka chini kabisa ya beseni, mashati ya wateja juu.

"Tutokee uani. Wakili bado yupo."

"Naogopa, shemeji."

"Mimi je? Beba beseni lile lingine, tuonekane tunapeleka nguo."

Walipita katikati ya kamba za kuanikia, mashati mabichi yakiwagusa usoni. Walitembea polepole, kwa kuwa anayekimbia huonekana. Walipofika kwenye kona ya choo, mlango wa mbele ulianza kugongwa. Dobi alilishika beseni kichwani kwa mikono yote miwili, akaendelea kutembea.